Imefaulu

Mwanamize alikuja na kadi ya kliniki
imekunjwa mara nne, ndani ya leso, ndani ya mkoba.
Akaikunjua juu ya meza yangu, akaweka kidole:
Mahali pa kuzaliwa: Mbwa.
"Mwanangu hakuzawa kwa mbwa," akasema.
"Kazawa Mbwajumwali, nyumbani kwa mamangu,
na mkunga yuko hai, muulizeni."
Kicheko kilinifika kooni.
Nikayaona macho yake, nikavuta kiti.

Kompyuta ukiiuliza ilivyo leo
itakujibu upesi: toleo lake, nafasi iliyobaki,
hata joto la kifua chake.
Ukiiuliza ilivyokuwa mwezi wa tano, inakukodolea.
Ndiyo maana seva ina daftari lake lisilo karatasi,
hapa Langoni, chumba cha nyuma cha hospitali,
chini ya feni inayolia kama bawaba:
kila programu iliyopelekwa, kwa mashine ipi,
siku gani, saa ngapi, kwa mkono wa nani,
na mwisho wa mstari neno moja.

Nikaanza kurudi nyuma.
Desemba, mashine ishirini na sita. Imefaulu.
Oktoba, Faza, kinga ya virusi. Imefaulu.
Septemba, Siyu. Imeshindikana, umeme.
Siyu tena, siku hiyo hiyo, usiku. Imefaulu.
Wiki ya Idi haina hata mstari;
mashine nazo zilikula pilau, nadhani.
Kadi ya mtoto ilichapwa tarehe tisa Mei.
Basi nikashuka hadi Aprili.

Alhamisi, saa kumi na dakika hamsini alasiri.
Programu ya kusajili watoto, toleo la nne nukta moja.
Kisanduku cha kijiji: herufi nne, zaidi hazipiti.
Mashine kumi na tisa,
Imefaulu mara kumi na tisa, zimepangana kama meno.
Aliyepeleka: F. Shekuwe.

Shekuwe ni mimi.

Naikumbuka Alhamisi ile.
Kulikuwa na arusi Mkomani, simu inalia,
barafu imenunuliwa au haijanunuliwa?
Na nilijaribu, wallahi nilijaribu, kabla ya kupeleka:
niliandika Lamu, ikakaa.
Niliandika Pate, Siyu, Faza, Witu,
yote yakakaa kama yaliyopimwa na fundi cherehani.
Miji ya herufi nne! Nikabonyeza, nikaenda zangu.

Nyuma yangu Mpeketoni ikawa Mpek.
Tchundwa ikawa Tchu, neno la mtu anayefukuza kuku.
Watoto mia moja na kumi na wawili
wamezaliwa mahali pasipokuwapo,
na mmoja wao, huyu wa Mwanamize, kwa mbwa.

Mstari wa ishirini ulikuwa na neno jingine.
Kizingitini. Inasubiri.
Haijaonekana siku mia mbili na kumi na nne.
Nikampigia nesi Kupi, nikidhani imekufa.
"Imekufa nini? Naitumia kila siku.
Mtandao ndio hatuna tangu mnara uharibike."
Na jina la kijiji, je, linaandikika?
"Lote," akasema, "kwani la kwenu haliandikiki?"
Ile nimeiacha kwanza. Isubiri.

Kadi mpya ilitoka ingali na joto.
Mwanamize aliisoma kwa ukucha,
herufi kumi na moja, moja moja, hadi i ya mwisho.
Kisha akauliza: nani aliyefanya haya?
Neno lilikuwa tayari mdomoni: mtambo.
Nikamgeuzia skrini.
Akautazama mstari wangu kwa muda, midomo ikitembea.
"Imefaulu," akasoma. "Nini iliyofaulu?"
"Kufika," nikamwambia. "Inaandika kwamba imefika tu."

Hakunijibu hilo.
Akaitia kadi ndani ya leso, leso ndani ya mkoba,
akasimama, akakaa tena.
"Na wa dadangu?" akasema. "Yule naye ni wa Mei."